Pale Penye Maoni Matano Tu

Mgeni aliyehamia Mbeya wiki hii, gari likimgomea Mafiati, hana ndugu wa kumuuliza fundi mzuri ni nani. Anatoa simu, anafungua ramani, anaandika "gereji". Yanatokea majina kadhaa, kila moja na nyota zake. Anasoma maoni mawili matatu ya watu asiowafahamu, anachagua, anapiga simu. Pesa zake na usalama wa familia yake barabarani vimeamuliwa na maneno ambayo mtu fulani aliyaandika akiwa kwenye daladala au amejilaza kitandani usiku. Nataka kuzungumza na hao walioandika, na zaidi na wale wengi ambao hawajawahi kuandika hata mara moja.

Utaratibu huu ulianzia mbali na kwetu. TripAdvisor ilianzishwa Marekani mwaka 2000 kwa ajili ya wasafiri. Yelp ilifuata mwaka 2004 huko San Francisco, ikilenga migahawa, saluni na mafundi wa mjini. Ramani za Google zilizinduliwa mwaka 2005, na leo ndizo ambazo wengi wetu tunazikuta tayari kwenye simu zetu. Hapa Tanzania maoni yaliingia kwa mlango wa utalii. Ndiyo maana hoteli za Nungwi na kampuni zinazopandisha watu Kilimanjaro zina maoni kwa mamia, mengi yakiwa yameandikwa na wageni, ilhali duka la dawa la mtaani linalohudumia watu kutwa nzima lina maoni matano, au halina kabisa. Hapo kwenye maoni matano ndipo uzito wa mwandishi mmoja unapokuwa mkubwa kuliko mwenyewe anavyodhani.

Tufanye hesabu kidogo. Gereji ina wateja wanne waliotoa nyota tano kila mmoja, hivyo wastani wake ni 5.0. Anakuja wa tano, amechelewa kazini, amekasirika, anatoa nyota moja. Wastani unashuka hadi 4.2. Ili gereji hiyo ipande tena kufikia 4.8, inahitaji wateja wengine 15, wote wakitoa nyota tano. Sasa chukua hoteli yenye nyota tano kutoka kwa wageni 400, mpe mgeni wa 401 hasira zilezile na nyota ileile moja. Wastani unakuwa 4.99, na kwenye skrini utaendelea kusomeka 5.0. Kidole kilekile, dakika ileile, lakini mmoja amemwangusha fundi kwa miezi kadhaa na mwingine hakuacha hata alama.

Na nyota hizo zina pesa ndani yake. Mwaka 2011 Michael Luca wa Harvard alilinganisha nyota za migahawa ya Seattle kwenye Yelp na mapato yake yaliyoripotiwa kwa mamlaka ya kodi ya jimbo la Washington. Wakati huo Yelp ilikuwa inakadiria wastani kwa nusu nyota: mgahawa wenye 3.24 ulionyeshwa kuwa na nyota 3, na wenye 3.26 ukaonyeshwa nyota 3 na nusu. Kwa ubora migahawa hiyo miwili ni sawasawa, ila mteja anaona tofauti. Kwa kulinganisha migahawa iliyokaa pande mbili za mpaka huo, Luca aliona kwamba nyota moja zaidi iliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9. Jambo linalotuhusu sisi zaidi ni kwamba ongezeko hilo lilitoka kwenye migahawa ya watu binafsi. Ile yenye matawi na majina makubwa haikuguswa, kwa sababu mteja anaijua kabla hajasoma chochote. Biashara za mitaani kwetu karibu zote ziko kwenye kundi la kwanza. Mama lishe hana tangazo la televisheni, ana chakula chake na yale ambayo wateja wanasema.

Tatizo ni kwamba wanaosema si wote. Watafiti waliochunguza maoni ya bidhaa kwenye Amazon walikuta yamejaa pande mbili: nyota tano ni nyingi mno, nyota moja nazo zipo, na katikati ni pakavu. Aliyefurahi sana anaandika, aliyeudhika sana anaandika, lakini yule aliyekula wali wake vizuri, akalipa na kuondoka, hana sababu ya kushika simu. Kumbe huyo ndiye mwenye habari inayohitajika. Ziara ya kawaida, siku ya kawaida, ndiyo itakayomkuta mgeni wetu wa Mbeya.

Kwa hiyo andika hata pasipokuwa na kisa. Na ukiandika, andika kama shahidi. "Huduma nzuri sana, Mungu awabariki" ni maneno mema na mwenye biashara atayafurahia, lakini msomaji hakutoka na kitu. Linganisha na maoni haya, ambayo nimeyatunga kwa mfano: "Jumamosi asubuhi nilipeleka Noah kubadilisha breki pedi za mbele. Fundi aliniambia bei kabla ya kufungua tairi, na mwisho akanionyesha pedi za zamani. Waliahidi saa mbili, ikachukua saa nne. Pa kusubiri hakuna kivuli. Wanapokea malipo kwa simu." Hakuna sifa hata moja hapo, wala tusi, lakini msomaji anajua gari gani, kazi gani, siku gani, uaminifu ukoje na ucheleweshaji ukoje. Ataamua mwenyewe kama saa nne ni nyingi. Bei ukiitaja, taja na mwezi, maana bei ya mwaka juzi inapotosha.

Ongeza na maelekezo. Mwaka 2022 nchi iliendesha operesheni ya anwani za makazi, na nguzo za majina ya mitaa zimesimikwa sehemu nyingi, lakini bado tunaelekezana kwa msikiti, mwembe na kituo cha mafuta. Sentensi moja kama "ingia barabara ya vumbi mkabala na shule ya msingi, geti la kijani" ina faida kuliko nyota. Kama alama kwenye ramani imewekwa mahali pasipo sahihi, programu inakuruhusu kupendekeza marekebisho. Hili ni jambo dogo ambalo huokoa nauli ya bodaboda ya watu wengi.

Kiswahili kinatosha kabisa. Ramani za Google zinaweza kumtafsiria msomaji wa lugha nyingine, kwa hiyo usijilazimishe Kiingereza cha kuungaunga ukaacha kusema ulichokiona. Andika tu kwa sentensi fupi na zilizo wazi, kwani maneno ya mtaani yanayobadilika kila mwezi huipoteza mashine.

Kazi yenyewe kwenye simu haizidi dakika chache. Tafuta jina la biashara, gusa, teremka hadi penye nyota, chagua, andika, chapisha. Maandishi hayali bando, picha ndizo zinazokula, kwa hiyo zisubirishe hadi upate Wi-Fi. Kabla ya kupandisha picha iangalie vizuri: je, kuna uso wa mtoto wa mtu, namba ya gari, au cheti cha dawa chenye jina? Picha ya orodha ya bei na ya mlango wa mbele zinatosha mara nyingi. Ukikosea, usihofu. Maoni yako unaweza kuyahariri au kuyafuta wakati wowote, na ni uungwana kuyarekebisha pale biashara iliporekebisha kosa lake.

Kuhusu usalama wako, kumbuka kwamba maoni hutokea na jina la wasifu wako, na mtu akigusa jina hilo anaweza kuona mengine uliyowahi kuandika. Shule ya mtoto, zahanati, saluni na duka la jirani zikikaa pamoja kwenye orodha moja, zinachora maisha yako yote. Mipangilio ya wasifu ina sehemu ya kuzuia orodha hiyo isionekane, ifungue uiangalie leo. Na usiandike ukiwa bado upo mahali hapo, hasa kama uko peke yako kwenye nyumba ya kulala wageni. Ondoka kwanza.

Malalamiko yanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ya ile hesabu ya nyota moja na wateja 15. Zungumza kwanza na mwenye biashara. Asiposikiliza, andika ulichokiona na uache hukumu. "Bili ilikuwa na sahani mbili ambazo hatukuagiza, tukasema, hawakuziondoa" ni ushahidi. "Wezi hawa" ni shutuma ya jinai usiyoweza kuithibitisha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa akijua ni za uongo au za kupotosha kwa nia ya kukashifu au kudanganya umma. Anayesema kweli, kwa maneno yaliyopimwa, amesimama mahali pazuri. Tumbo likikusumbua usiku, usikimbilie kuutaja mgahawa wa mchana. Vimelea vya salmonella, kwa mfano, vinaweza kuchukua kuanzia saa sita hadi siku sita kabla ya kukuangusha, na huenda mkosaji ni chakula cha juzi.

Yapo mambo ambayo kwayo maoni hayatoshi. Ukiuziwa dawa iliyopita muda wake, peleka taarifa TMDA, mamlaka ya dawa. Chakula kisicho salama ni kazi ya shirika la viwango, TBS, lililokabidhiwa jukumu hilo mwaka 2019. Bidhaa bandia na udanganyifu wa kibiashara ni eneo la Tume ya Ushindani, FCC. Vyombo hivi vina mamlaka ya kukagua na kuchukua hatua, ambayo nyota zako hazina.

Kisha kuna uongo wa makusudi. Mwaka 2017 Mwingereza Oobah Butler alilisajili kwenye TripAdvisor banda la uani kwake London kama mgahawa, marafiki zake wakaandika maoni ya kubuni, na mgahawa huo usiokuwepo ukafika namba moja kati ya migahawa zaidi ya 18,000 ya jiji hilo. Google ilitangaza kuwa mwaka 2023 pekee ilizuia au kuondoa maoni zaidi ya milioni 170 yaliyokiuka masharti yake. Marekani imepiga marufuku biashara ya maoni ya uongo kwa kanuni iliyoanza kutumika Oktoba 2024, na Uingereza ikafuata kwa sheria yake Aprili 2025. Hapa kwetu uongo huu mara nyingi huja ukitabasamu: "Tupe nyota tano tukupunguzie bei." Kataa. Masharti ya Google yenyewe yanakataza kubadilishana maoni na punguzo au zawadi, na vilevile yanakataza mfanyakazi kuisifia kazi yake au mshindani kumchafua mwenzake. Unaposoma, jihadhari na sifa zilizofurika ndani ya siku moja, zisizotaja chakula, kazi, bei wala siku, kutoka kwa wasifu ambao haujaandika kitu kingine chochote.

Nawaambia pia wenye biashara: nyinyi hamwezi kufuta maoni ya mteja, mnaweza tu kuyaripoti yakivunja masharti, na uamuzi si wenu. Mnachoweza ni kujibu. Daini umiliki wa ukurasa wa biashara yenu, mthibitishwe, kisha jibuni kwa heshima, mseme kilichotokea na mlichobadilisha. Atakayelisoma jibu hilo zaidi ni mteja wa kesho ambaye bado anasita, kuliko hata yule aliyelalamika.

Msomaji wangu, nakuomba kitu kimoja. Fikiria biashara tatu ambazo zimekuhudumia vizuri mwaka huu na ambazo hazina tangazo popote: fundi wako, duka lako la dawa, mama lishe wako. Zitafute kwenye ramani usiku wa leo. Kama zina maoni matano, andika la sita, na useme ulipewa nini, lini, na kwa bei gani.