Je, Wajua? Watu wa X-15, Ndege ya Roketi Iliyogusa Anga za Juu

Kati ya tarehe 8 Juni 1959 na tarehe 24 Oktoba 1968, ndege nyeusi yenye mabawa mafupi iliruka mara 199 juu ya majangwa ya California na Nevada, Marekani. Ilikuwa ya utafiti, ikiitwa X-15, na zilitengenezwa tatu tu. Haikupaa yenyewe kutoka ardhini. Ilining'inizwa chini ya bawa la B-52, ndege kubwa ya kudondosha mabomu, ikapelekwa juu kiasi cha mita 13,700, kisha ikaachiliwa. Hapo rubani aliwasha injini ya roketi, na katika dakika moja na nusu hivi mafuta yote yalikuwa yamekwisha. Safari iliyobaki, kupanda mpaka kileleni na kurudi chini, aliifanya bila injini.

Kasi na kimo vya ndege hii vimeandikwa sana. Watu wake hawajaandikwa vya kutosha, na ndio wanaostahili kurasa hizi.

Je, wajua kwamba rubani wa kwanza wa X-15 alikuwa mmoja wa walioisanifu? Scott Crossfield alikuwa na jina tayari. Tarehe 20 Novemba 1953 alikuwa binadamu wa kwanza kuruka kwa kasi iliyo mara mbili ya kasi ya sauti. Miaka miwili baadaye aliacha kazi ya serikali akajiunga na kampuni ya North American Aviation, iliyopewa kazi ya kuiunda X-15. Huko aliketi na wahandisi Harrison Storms na Charles Feltz, akishughulika na chumba cha rubani, suti ya shinikizo na kila kilichohusu uhai wa mtu atakayekaa ndani. Ndege ilipokuwa tayari, akapanda yeye kwanza. Novemba 1959 injini ililipuka angani, akatua kwenye ziwa kavu na kiwiliwili cha ndege kikavunjika. Juni 1960, akiwa ndani ya ndege ya tatu katika jaribio la injini mpya ardhini, sehemu ya nyuma ililipuka yote na moto ukaizunguka. Alitoka mzima, kwa sababu chumba alichosaidia kukisanifu kilistahimili.

Injini hiyo mpya, XLR99, ilichoma amonia pamoja na oksijeni iliyopoozwa hadi kuwa kimiminika. Rubani aliweza kuongeza na kupunguza nguvu yake akiwa angani, jambo ambalo roketi nyingi za wakati huo hazikuwa nalo.

Je, wajua kwamba usalama wa mashine hii ya ajabu ulitegemea, pamoja na mengine, tufe la chuma lililodondoshwa kwenye udongo? X-15 ilitua kwa kasi inayozidi kilomita 300 kwa saa, ikiwa na magurudumu ya pua tu. Nyuma ilikuwa na vyuma viwili vya kuteleza. Hakuna njia ya kawaida ya ndege iliyoifaa, ila maziwa makavu ya jangwani, ambayo chini yake ni udongo mgumu uliosawazishwa na maji ya mvua na upepo. Lakini maziwa hayo hubadilika. Mvua ya msimu mmoja tu hulainisha upande mmoja na kuacha upande wa pili kama sakafu. Kwa hiyo kabla ya safari, watu wa mradi waliruka kwa ndege ndogo ziwa hadi ziwa, wakadondosha tufe kutoka kimo cha mtu na kupima upana wa shimo lililobaki. Shimo likiwa pana mno, ziwa lilifutwa kwenye orodha, na safari iliyolitegemea ikaahirishwa. Napenda sana habari hii. Watu walioshughulika na kasi iliyo mara sita ya kasi ya sauti waliinama jangwani na kupima shimo la udongo, na maisha ya rafiki yao yalikuwa juu ya kipimo hicho.

Tarehe 9 Novemba 1962 kipimo hicho kilihitajika kweli. Jack McKay alipoachiliwa kutoka B-52, injini ilitoa asilimia 30 tu ya nguvu yake na haikuongezeka. Akaambiwa azime na kushuka Mud Lake, ziwa kavu la Nevada. Vibawa vya kupunguzia kasi vikakataa kufunguka. Akagusa chini kwa kasi kubwa mno, chuma cha kushoto kikavunjika, ndege ikapinduka juu chini. Mafusho ya amonia yakatanda pale. Gari la zimamoto na waokoaji walikuwa wamewekwa ziwani hapo tangu mapema, ingawa kwa mpango wa siku hiyo ndege haikupaswa kutua huko kabisa. Rubani wa helikopta aliishusha karibu, akaacha upepo wa panga zake uyapeperushe mafusho hayo, nao wenzake wakapata nafasi ya kumfikia McKay.

Pingili za uti wa mgongo wake zilikuwa zimepondeka. Mwezi Aprili uliofuata alirudi ndani ya X-15. Jumla aliirusha mara 29. Ni Robert Rushworth peke yake aliyemzidi, kwa mara 34. Lakini majeraha yale hayakumwacha. McKay alifariki mwaka 1975, na walio karibu na mradi wanahusisha kifo chake na siku ile ya Mud Lake. Ndege yake ilirekebishwa na kurefushwa, na tarehe 3 Oktoba 1967 Pete Knight aliirusha kwa kilomita 7,274 kwa saa, mara 6.7 ya kasi ya sauti. Kwa mwendo huo, kutoka Mombasa hadi Nairobi ni chini ya dakika nne. Joto la safari hiyo lilitoboa chuma cha pezi la chini, na ndege haikuruka tena.

Je, wajua kwamba mkuu wa kituo kilichosimamia safari hizi alikuwa bingwa wa kuruka bila injini? Paul Bikle aliongoza kituo cha utafiti wa urukaji cha NASA pale Edwards, California, tangu mwaka 1959. Februari 1961, akitumia ndege nyepesi inayobebwa na mikondo ya hewa tu, alifika mita 14,102 juu ya milima ya California. Kimo hicho kinazidi kile ambapo B-52 iliachilia X-15.

Nyuma ya takwimu zote hizo walikuwako pia wanawake. Kabla kompyuta hazijashika kazi, filamu za vyombo vya ndege za majaribio pale jangwani zilisomwa kwa macho, mstari kwa mstari, na hesabu zake kufanywa na kundi la wanawake lililoanzishwa na Roxanah Yancey, aliyefika huko Desemba 1946. Bila wao, rubani angerudi na hadithi tu, na mhandisi asingekuwa na cha kufanyia kazi.

Je, wajua kwamba Neil Armstrong, miaka saba kabla ya kutembea mwezini, alipitiliza nyumbani? Alikuwa mmoja wa marubani 12 wa X-15, na aliirusha mara saba. Tarehe 20 Aprili 1962 alipanda hadi kilomita 63, na wakati wa kushuka akawa anajaribu mfumo mpya wa kuongoza ndege. Pua ilikaa juu kidogo kuliko ilivyotakiwa. Ndege ikaiparaza hewa nzito na kuruka juu tena, mahali ambapo hewa ni nyembamba na mabawa hayana cha kushika. Alijaribu kugeuka, haikugeuka. Kituo cha Edwards kikapita chini yake, akaenda hadi maeneo ya mji wa Pasadena, kusini, kabla hewa haijatosha kumruhusu kukata kona. Alirudi akiteleza, akatua mwisho wa kusini wa Rogers Dry Lake, ziwa kavu la pale Edwards, baada ya dakika 12 na sekunde 28. Hakuna safari ya X-15 iliyochukua muda mrefu zaidi.

Joe Walker alipaa juu kuliko wote: kilomita 107.96, tarehe 22 Agosti 1963. Mwezi mmoja kabla alikuwa amefika kilomita 106. Kwa hiyo ndiye mtu wa kwanza kuvuka mara mbili kilomita 100, kimo ambacho wengi hukihesabu kuwa mpaka wa anga za juu. Hata hivyo hakupewa nishani ya mabawa ya mwanaanga. Jeshi la Anga la Marekani liliwapa mabawa hayo marubani wake waliovuka maili 50, yaani kilomita 80, akianza Robert White mwaka 1962. Walker, McKay na Bill Dana walivuka pia, lakini walikuwa raia walioajiriwa na NASA. Ndege ileile, anga lileile, hatari ileile; tofauti ilikuwa mwajiri. Walipewa mabawa yao mwezi Agosti 2005. Dana peke yake alikuwa hai kuyapokea. Walker alikuwa amefariki tarehe 8 Juni 1966, ndege yake ilipogongana na nyingine angani, miaka saba kamili tangu siku X-15 ilipoachiliwa mara ya kwanza.

Katika safari zote 199, mmoja tu alifia ndani ya X-15. Meja Michael Adams alikuwa amechaguliwa kwa mradi wa kituo cha angani cha Jeshi la Anga, akauacha ili aje kurusha ndege hii. Tarehe 15 Novemba 1967, katika safari yake ya saba, hitilafu ya umeme kutoka kwenye kifaa kimoja cha majaribio ilivuruga vyombo wakati akipanda. Alifika kilomita 81. Huko juu ndege iligeuka pole pole mpaka ikawa inakwenda kiubavu, na inaelekea alisoma vibaya mshale uliokuwa na matumizi mawili. Redioni alikuwa Pete Knight, aliyeongoza mawasiliano siku hiyo. Chumba cha uongozi hakikuwa na kipimo chochote cha kuonyesha pua imeelekea wapi. Adams aliposema ndege inazunguka, ilikuwa vigumu hata kumwelewa. Aliweza kuitoa kwenye mzunguko, lakini mfumo wa kuongoza ndege ukaanza kuitikisa juu na chini mpaka ikavunjika vipande. Wafanyakazi wa kituo waliingia jangwani kuitafuta filamu ya kamera ya chumba chake, wakaipata, na uchunguzi ukategemea sana filamu hiyo. Baada ya hapo ilipendekezwa mwelekeo wa pua uonekane chumba cha uongozi pia.

Joe Engle naye ni wa peke yake: alivuka kilomita 80 ndani ya X-15 mara tatu mwaka 1965, kisha Novemba 1981 akaongoza safari ya pili ya chombo cha angani cha Columbia. Sehemu kubwa ya kazi ya kukiongoza kurudi duniani aliifanya kwa mikono yake. Hakuna mwingine aliyefika anga za juu kwa vyombo hivyo viwili. Alifariki Julai 2024, wa mwisho kati ya wale 12.

Safari ya 200 ilipangiwa Pete Knight mwishoni mwa 1968. Matatizo ya kiufundi na hali mbaya ya hewa viliiahirisha mara kadhaa, na tarehe 20 Desemba ikafutwa kabisa. Mafundi waliifungua ndege kutoka chini ya bawa la B-52. Leo iko katika makumbusho ya Smithsonian, Washington. Ile ambayo Knight aliirusha kwa kilomita 7,274 kwa saa iko Dayton, Ohio.