Mwata Keleka: Mlinzi wa Mlango wa Luapula

Wanafunzi wengi wa historia wamesikia habari za George Canning, mwanasiasa wa Uingereza aliyeshika wizara ya mambo ya nje mara mbili, akafariki mwaka 1827 akiwa Waziri Mkuu kwa miezi isiyozidi minne. Ni wachache wanaojua kwamba miaka hiyohiyo, katika bonde la Luapula, alikuwako Mwafrika aliyeendesha mambo ya nje ya nchi yake kwa zaidi ya miaka 40. Huyo ni Mwata Kazembe wa Nne, Kibangu Keleka.

Keleka alirithi kiti cha baba yake, Lukwesa Ilunga, yapata mwaka 1805. Makao yake makuu yalikuwa kando ya ziwa dogo la Mofwe, kusini ya Nchelenge ya leo. Washila, wavuvi wa ufuo wa Mweru, walikuwa wamekwisha kuingizwa katika himaya ya Walunda. Magharibi alikuwako Mwata Yamvo, aliyepelekewa kodi. Kusini walikuwako Wareno wa Tete. Mashariki ilikuwako njia ya kwenda pwani yetu. Aliyetaka kuvuka bara toka bahari hadi bahari hakuwa na budi kubisha hodi kwake.

Wareno walibisha mapema. Francisco de Lacerda alifika mwaka 1798, akihofu kwamba Waingereza, waliokwisha kutwaa Rasi ya Tumaini Jema, wangeitenga Angola na Msumbiji. Alifia hukohuko, na msafara wake ukarudi.

Mwaka 1806 wakaja Pedro João Baptista na Amaro José, wachuuzi Waafrika waliotumwa kutoka Angola. Keleka aliwaweka kwake miaka ipatayo 4. Walifika Tete mwaka 1811. Kisha mwaka 1831 wakaja Monteiro na Gamitto. Mwata aliwapokea kwa fahari, amevaa kilemba cha manyoya mekundu na shanga nyingi. Lakini aliyepanga saa ya kuonana na masharti ya biashara alikuwa yeye. Mwaka uliofuata walirudi Tete bila faida. Hawakushindwa kwa risasi. Walishindwa kwa subira ya mwenyeji. Wakati huo wafanyabiashara wa Kiswahili nao walikuwa wakianza kuijia nchi yake, na soko lake halikumtegemea mnunuzi mmoja.

Hata hivyo, haifai kumpamba kuliko haki yake. Watumwa walikuwa sehemu ya biashara na kodi yake, na Gamitto aliandika habari za watu waliokatwa masikio na mikono kwa adhabu. Tena mlango ule ulilindwa na busara ya mtu mmoja. Keleka alipofariki, yapata mwaka 1850, jamaa zake waligombea urithi. Msiri, aliyetoka Usumbwa katika Tanzania ya leo, akajenga dola yake Katanga na kuitwaa biashara ya shaba. Mwaka 1899 majeshi ya Waingereza yakauchoma moto mji wa Kazembe.

Kila mwaka mwezi wa Julai, Mwata Kazembe hucheza Mutomboko huko Mwansabombwe mbele ya umati wa watu. Ngoma ile husifu ushindi wa vita. Keleka anastahili kukumbukwa kwa jambo jingine: aliwazuia wageni wenye bunduki bila kupigana nao. Waliomfuata walirithi kiti, hawakurithi umoja wa kukilinda.