Mgongo Chini ya Shogi

Jua halijakolea, na punda wa Lamu tayari wako kazini. Majahazi yamefunga gatini, na shehena yake ni ileile ya miaka nenda miaka rudi: mchanga, mawe ya matumbawe, boriti, saruji. Kutoka hapo mpaka kwenye jengo hakuna lori litakalofika. Vichochoro vya mji wa kale, ambao UNESCO iliutia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ni vyembamba kiasi kwamba punda mwenye shogi la mizigo mgongoni akipita, mtu hujibanza ukutani. Nyumba za ghorofa zinazopigwa picha na wageni zilipanda juu jiwe kwa jiwe, na kila kitu kilichozijenga kilipita mgongoni mwa mnyama huyu.

Pamoja na hayo, lugha yenyewe imemsimanga. Fadhila za punda ni mateke, husema Waswahili, na wanapotaka kuonyesha ari ya kumaliza kazi husema punda afe, mzigo ufike. Methali ya kwanza inamshitaki punda kwa utovu wa shukrani. Ya pili inakiri, bila kuona haya, jinsi anavyotendewa. Ukizisoma pamoja, jibu la yale mateke limo humohumo.

Daktari wa mifugo anayeitwa kumtazama punda "mkorofi" mara nyingi huanza kwa kuvua matandiko. Chini yake hukuta kidonda penye uti wa mgongo, mchubuko wa kamba ya nailoni chini ya tumbo, au usaha penye shina la mkia ambako kamba ya kuzuia shogi lisiteleze imekuwa ikisugua kwa wiki kadhaa. Teke lilikuja mwisho. Kabla yake punda alikuwa amerudisha masikio nyuma, amegeuza kichwa kuutazama ubavu wake, amekataa kusogea, na kila ishara ilijibiwa kwa bakora.

Ugumu wa kumtunza punda unaanzia kwenye asili yake. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliochunguza zaidi ya punda 200 kutoka sehemu mbalimbali za dunia, ulionyesha kwamba wote wanarejea kwenye chimbuko moja: punda alifugwa kwanza Afrika Mashariki, miaka ipatayo 7,000 iliyopita. Babu yake, punda mwitu wa Afrika, bado yupo katika majangwa ya Eritrea na Ethiopia, lakini amebaki kwa idadi ndogo mno na yumo hatarini kutoweka kabisa. Kule jangwani mnyama aliyeonyesha udhaifu aliliwa. Kwa hiyo punda alijifunza kuficha maumivu. Farasi mwenye msokoto wa tumbo hujigaragaza chini na kutoka jasho jingi. Punda mwenye maumivu yaleyale husimama kimya, kichwa kimeinama, na kupunguza kula. Mwenye haraka humwona ametulia.

Ukaidi wake nao una maelezo. Farasi akitishika hukimbia. Punda husimama kwanza na kupima jambo, kwa kuwa katika nchi ya mawe na makorongo kukimbia ovyo ni kuvunjika mguu. Anayemcharaza bakora wakati huo anamwongezea hofu, na hofu inazidi kumgandisha.

Kiu ndiyo inayowapoteza watu zaidi. Punda anaweza kupoteza maji yanayokaribia robo ya uzito wa mwili wake na bado akatembea, kisha akayafidia kwa dakika chache pindi afikapo kisimani. Ni uwezo wa ajabu. Lakini umewafanya wafugaji wengi waamini kwamba punda hahitaji maji njiani, na hapo ustahimilivu wake umegeuzwa kuwa kisingizio. Ndivyo ilivyo pia kwa mvua: manyoya yake hayazuii maji vizuri kama ya farasi, hivyo punda aliyefungwa nje usiku wa masika analowa hadi ngozini.

Na mzigo je? Kanuni inayotumiwa na wataalamu wengi ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wa mnyama. Punda wengi wa Afrika Mashariki wana kilo 120 hadi 150. Theluthi yake ni kilo 40 hadi 50, yaani mfuko mmoja wa saruji. Mmoja. Aliyewahi kusimama karibu na jengo lolote linaloinuka anajua hesabu hiyo inavyovunjwa.

Mkokoteni humpunguzia punda mzigo, kwa sharti kwamba umesawazishwa juu ya ekseli na tairi zina upepo. Kosa linaloonekana sana bara ni la nira. Nira ilibuniwa kwa ajili ya ng'ombe, ambaye husukuma kwa nundu na shingo. Punda hana nundu. Nguvu yake imo kifuani, na akivishwa nira, ubao ule huikandamiza mifupa ya shingo kila magurudumu yanapoingia shimoni. Anachohitaji ni mkanda mpana wa kifuani, wa turubai au wa magunia yaliyokunjwa na kushonwa, na mto wa pamba au sufi wenye mfereji katikati ili uti wa mgongo usiguswe. Vifaa hivyo vinaweza kushonwa na fundi yeyote wa mahema.

Hapa ndipo swali la wajibu linapokuwa gumu kuliko linavyosemwa kwenye mikutano. Kijana anayemswaga punda barabarani mara nyingi si mwenye punda. Anapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, na analipwa kwa safari. Mteja naye anataka mawe yote yafike kwa awamu moja ili aokoe nauli. Anayeonekana na bakora ni mmoja tu, lakini kidonda kimechangiwa na watatu, na wawili kati yao hawajawahi kukiona.

Sheria zipo. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ambayo kumbebesha mnyama kupita kiasi ni miongoni mwa makosa inayoyataja. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Dini nazo zilitangulia zamani: katika Sahihi ya Imam Muslim imepokewa kwamba Mtume alimwona punda aliyechomwa chapa usoni, akamlaani aliyefanya hivyo. Huko Lamu, msaada wa vitendo ulikuja mwaka 1987, pale shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza lilipofungua kituo cha kutibu punda bila malipo, pamoja na kuwapa dawa za minyoo na kuwachonga kwato.

Kisha likaja balaa ambalo hakuna kidonda cha shogi kinacholifikia. Nchini China, ngozi ya punda huchemshwa ikatoa gundi inayoitwa ejiao, inayouzwa kama dawa ya kuongeza damu na urembo. Uchumi ulipokua, mahitaji yakapaa. Punda wa China wenyewe, waliokuwa takriban milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakashuka chini ya milioni 3, na wafanyabiashara wakaelekeza macho Afrika. Kuanzia mwaka 2016 machinjio ya punda yalipewa leseni nchini Kenya, huko Baringo, Naivasha, Machakos na Turkana. Kufikia mwisho wa 2018, zaidi ya punda 300,000 walikuwa wamechinjwa, kwa mujibu wa taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu punda milioni 1.8 nchi nzima.

Leseni zilileta pia wezi. Watu waliamka wakakuta zizi tupu na mzoga uliochunwa kichakani. Kwa familia inayochota maji mbali, hasara hiyo haikuishia kwa mnyama: madumu yalihamia mgongoni mwa mama na binti zake. Februari 2020, Wizara ya Kilimo ilipiga marufuku uchinjaji wa punda. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo. Desemba 2022, wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kujadili mustakabali wa punda, na Februari 2024, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Miaka 15 inasikika mingi. Ila punda si mbuzi. Jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, wakati mwingine zaidi, na huzaa mtoto mmoja. Miezi ya mwisho ya mimba hapaswi kubeba mzigo, jambo ambalo ni wachache tu kati ya wenye punda wanaolimudu. Jike aliyezaliwa mwezi uleule wa makubaliano ya Addis Ababa atazaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitatu au minne, na akitunzwa vizuri, kwa maji, kivuli na mto wa sufi mgongoni, hadi muda huo utakapokwisha mwaka 2039 huenda awe amezaa watoto sita. Wale 300,000 waliondoka katika muda usiofika miaka mitatu.