Ukurasa wako wa kwanza kwenye intaneti, bila malipo



Fundi cherehani wa Katwe au Nsambya anaweza kuonyesha nguo zake kwa watu wasiopita mlangoni pake. Mwalimu aliyeko Nakivale anaweza kufanya vivyo hivyo na masomo yake. Kinachohitajika ni tovuti ndogo, na nafasi ya kuiweka inapatikana bure. Mtu akikudai pesa ili "akuandikishe", usimpe.

Nafasi hiyo hutolewa na makampuni yenye kompyuta zinazowaka usiku na mchana. Kurasa zako hukaa humo, na anayetaka kuzisoma huziita kwa anwani yake. Mojawapo ni Neocities, iliyoanza mwaka 2013. Hutoa gigabaiti 1 bila malipo wala matangazo.

Kwanza uwe na anwani ya barua pepe. Kisha fungua neocities.org, uchague jina la tovuti na neno la siri. Jina hilo ndilo litakalokuwa anwani yako: ukichagua "vitengesafi", watu watakupata kwa vitengesafi.neocities.org. Jina fupi ni bora, maana utalitaja kwa mdomo sokoni. Baada ya hapo fungua faili liitwalo index.html. Usilibadilishe jina hili, kwa sababu ndilo linalofunguka kwanza mgeni anapofika. Ndani yake andika habari zako: kichwa kati ya <h1> na </h1>, kila aya kati ya <p> na </p>. Hifadhi, halafu ifungue anwani yako kwa simu ya jirani. Ikionekana, tovuti iko hewani. Simu inatosha kwa kazi hii, ila kwenye kompyuta ya kafe utaandika kwa haraka zaidi.

Picha zipunguzwe. Picha ya simu huweza kufika megabaiti 4, wakati kilobaiti 200 zinatosha. Tangu Julai 2021 bando za Uganda zina kodi ya asilimia 12, na anayefungua ukurasa wako ndiye anayelipa.

Sasa usalama. Ukurasa husomwa na kila mtu, pamoja na yule uliyemkimbia. Usiweke namba wala picha ya kadi yako ya ukimbizi, nyumba unayolala, majina ya ndugu waliobaki nyumbani, au habari za kesi yako. Angalia pia kilicho nyuma kwenye picha: sare ya mtoto hutaja shule yake. Ukifuta kesho, huenda mwingine alikwisha nakili leo. Anayetafuta jamaa aliyepotea asitangaze majina humo. Aende Msalaba Mwekundu wa Uganda, ambao hutafuta jamaa bila malipo.

Jambo la mwisho ni nakala. Huko Marekani, mwaka 1994, ilianza GeoCities, na watu wa dunia nzima wakaweka kurasa zao humo bure. Yahoo iliinunua mwaka 1999, ikaifunga mwaka 2009. Waliokuwa hawana nakala walipoteza kazi ya miaka. Basi kila unapobadilisha ukurasa, jitumie faili hilo kwa barua pepe yako mwenyewe. Neno la siri liandike kwenye daftari linalobaki nyumbani, na ukitumia kompyuta ya kafe, toka kwenye akaunti yako kabla hujainuka.