Bunduki ya 22: juu ya nini kila mtutu unachagua masasi yake?

Mwezi wa nane 2024, kwenye michezo ya Olimpiki ya Paris, Chiara Leone wa Uswisi alichukua medali ya dhahabu ya bunduki ya mita 50 kwa alama 464,4. Mmarekani Sagen Maddalena akawa wa pili na 463,0. Kiisha kupiga masasi 45 kila mmoja, tofauti yao ilikuwa alama 1,4 tu.

Ile duara ya kumi wanayotafuta iko na upana wa milimeta 10,4. Risasi yenyewe iko na milimeta 5,6. Mkono ukiwa mzuri lakini masasi mabaya, medali inapotea. Ndiyo maana wapigaji wakubwa hawanunui masasi kwa jina la kampuni peke yake. Wanayajaribu kwanza.

Shida inatoka wapi?

Masasi mengi ya bunduki kubwa yana kiwashio katikati ya kitako. Ya 22 ni tofauti: dawa ya kuwasha imewekwa ndani ya ukingo wa ganda, kuzunguka kitako chote. Dawa ikiwa nyingi upande mmoja na kidogo upande mwingine, baruti haiwaki sawasawa. Risasi moja inakimbia zaidi, ingine inachelewa, na ile inayochelewa inaangukia chini.

Tena, mitutu miwili ya kiwanda kimoja haifanani kabisa. Masasi yanayofanya vizuri kwa huu yanaweza kutawanyika kwa ule. Hata masasi ya aina moja, bei moja, yanatofautiana kufatana na loti, ni kusema fungu lililotengenezwa pamoja. Hakuna mutu anayeweza kujua kwa macho. Inabidi kupiga.

Wanajaribu namna gani?

Kampuni ya Lapua iko na kituo cha majaribio kule Schönebeck, Ujerumani. Bunduki inafungwa kwa chuma ili isitikisike, ndani ya nyumba, fasi upepo hauingii. Wanapiga masasi kumi ya loti moja kwa mita 50, wanapima namna matundu yamekaribiana, kisha wanarudilia mara kadhaa. Halafu loti ingine. Ile inayokusanya matundu pamoja kila mara, mpigaji anainunua kwa wingi, maana ikiisha sokoni hairudi tena.

Asiye na mashine anaegemeza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, siku ya upepo mdogo. Kila akibadilisha masasi, anapiga kwanza machache bila kuhesabu, juu mafuta ya masasi ya mbele yanabaki ndani ya mtutu. Matundu yakikusanyika mbali na katikati, si kosa la masasi: vyombo vya kulengea vinarekebishwa. Yakitawanyika, hapo ndipo shida iko. Na kosa kubwa ni kuchagua kwa sababu ya kipimo kimoja kizuri. Bahati inaweza kutokea mara moja, mara tano ni ngumu.

Risasi ikikataa kulia, mutu anaacha mtutu uelekee shabaha na kungoja sekunde 30. Wakati mwingine moto unachelewa.

Ndogo, lakini si mchezo

Watu wengi wanaidharau 22 kwa sababu sauti yake si kubwa. Lakini risasi yake inaweza kusafiri zaidi ya kilometa moja na kuua. Ndiyo maana uwanja wa kweli unakuwa na ukuta wa udongo nyuma ya shabaha.

Na ile dawa ya ukingoni inatuhusu hata sisi tusiofika kwenye uwanja. Mtoto akiokota risasi ya namna hii shambani ao njiani, akiipiga kwa jiwe ao akiibana kwa koleo, pigo lolote kwenye ukingo linaweza kuiwasha. Asiiguse. Aite mukubwa, na mukubwa naye aache fasi ile ilivyo na kujulisha viongozi.