Mashine za mvuke zabaki, mafundi waondoka

MKULIMA anapotaka kununua mashine huuliza bei, kiasi cha mafuta inachotumia na mahali pa kupata vipuri. Ni nadra kuuliza nani ataiendesha siku fundi wake akifariki dunia. Nchini Marekani, swali hilo limewakabili kwa miaka mingi wapenzi wa injini za mvuke na mashine za kupura ngano, kwani kila mwaka kundi lao hupoteza wazee.

Kabla ya trekta na kombaini kuenea, ngano nyingi ya nchi hiyo ilipurwa kwa nguvu ya mvuke. Kampuni ya J.I. Case ya mjini Racine, Wisconsin, iliyoanza kutengeneza mashine za kupura katika miaka ya 1840, ilitoa injini yake ya kwanza ya mvuke mwaka 1869. Baadaye ikawa mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa injini hizo.

Mitambo hiyo ilikuwa ghali na wakulima wengi hawakuimudu. Mwenye mtambo alizunguka shamba hadi shamba akilipwa kulingana na kiasi cha nafaka alichopura. Kwingine majirani walijiunga, wakatumia mtambo mmoja na kusaidiana kazi kwa zamu, hadi ngano ya kila mwanachama ikamalizika. Ni utaratibu unaofanana na wa wenye mashine za kupukuchua mahindi wanaozunguka vijijini Tanzania wakitoza kwa gunia.

Kazi ilihitaji ujuzi. Injini iliwekwa mbali na mashine ya kupura na kuunganishwa nayo kwa mkanda mrefu, ili cheche za moto zisifikie mabua makavu. Mkanda ukikaa upande hata kidogo, ulichomoka. Mwendeshaji aliangalia moto, nguvu ya mvuke na, zaidi ya yote, kiwango cha maji kwenye boila. Alizungumza na wenzake kwa filimbi: mlio wa kuanza kazi, mlio wa kuita gari la maji, mlio wa hatari.

Katika miaka ya 1920 soko la injini za mvuke lilikufa. Trekta za mafuta zilichukua nafasi yake, kisha kombaini ikavuna na kupura kwa pamoja. Injini nyingi ziliishia kuwa chuma chakavu.

Zilizosalia ziliokolewa na wazee waliowahi kuzifanyia kazi. Katika miaka ya 1940 mkulima LeRoy Blaker wa Ohio aliwakusanya wenzake shambani kwake. Mwaka 1946 Mchungaji Elmer Ritzman wa Pennsylvania alianzisha jarida la wapenzi wa mitambo hiyo, na mwaka 1950 mkutano wa wapuraji wa zamani ulianza Mount Pleasant, Iowa. Jarida hilo lilichapisha pia taarifa za waliofariki, na katika baadhi ya maonesho filimbi za injini hupigwa kuwakumbuka.

Hata hivyo, kumbukumbu peke yake haitoshi. Julai 29, 2001, injini ya Case ililipuka katika viwanja vya maonesho vya Medina, Ohio. Watu watano walipoteza maisha na makumi wengine wakajeruhiwa. Uchunguzi ulionyesha kuwa maji yalikuwa yamepungua mno ndani ya boila iliyochakaa, na vifaa vya usalama vilikuwa na kasoro. Maji yakishuka, bati lililo juu ya tanuri hupata moto kupita kiasi, hulegea na kushindwa kuhimili nguvu ya mvuke. Baada ya ajali hiyo, Ohio iliweka sheria ya ukaguzi wa boila hizo na leseni kwa waendeshaji.

Huko Rollag, Minnesota, ambako wapuraji wa mvuke huwa na mkutano wao wa kila mwaka, vijana na watu wazima hufundishwa kuendesha injini hizo darasani na kwa vitendo. Hapo ndipo mzee anapoheshimiwa kweli: ujuzi wake unapopata mikono mingine kabla hajazikwa nao.

Funzo kwa kikundi chenye trekta, pampu au mashine ya kukoboa ni kwamba ujuzi wa fundi ni sehemu ya mtaji, ingawa hauandikwi kwenye daftari la mali. Kila mashine iwe na waendeshaji wasiopungua wawili. Matengenezo yaandikwe kwa tarehe na kipuri kilichobadilishwa. Fundi mzee alipwe kufundisha, si kutengeneza tu. Gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na mashine kulala msimu mzima wa mavuno kwa sababu aliyeijua ametangulia mbele ya haki.