Programu Iijue Njia ya Kwake

Chukua programu ya wavuti ya duka iliyoandikwa kwa Python, ambayo hufungua hifadhidata ya SQLite kwa jina fupi tu: "duka.db". Mchana inauza vizuri. Usiku, cron huwasha sehemu yake inayotayarisha ripoti, na asubuhi ripoti inasema mauzo ni sifuri.

Hifadhidata haijaguswa. Jina "duka.db" ni kama kumwambia mgeni "nyumba ya tatu kushoto" bila kumwambia aanze wapi kuhesabu. Mfumo huanzia kwenye folda ya kazi, nayo haitegemei msimbo umewekwa wapi. Programu huirithi kwa aliyeiwasha. Cron huanzia folda ya nyumbani ya mtumiaji. Systemd, isipoelekezwa vingine, huwasha huduma za mfumo kwenye mzizi wenyewe, "/". SQLite nayo isipokuta faili hutengeneza mpya, tupu. Kama msimbo unaunda majedwali yanayokosekana, hakuna kosa litakaloonekana popote. Hapo ndipo ninapoliogopa tatizo hili: programu inayokufa kwa kelele hutengenezwa siku hiyohiyo, lakini ripoti ya uongo huaminiwa.

Wengi hukimbilia kuhamisha folda ya kazi ndani ya msimbo, kwa os.chdir. Tafadhali usifanye hivyo kwenye seva. Folda hiyo ni moja kwa mchakato mzima, na nyuzi zote zinaitumia; ombi la mteja mmoja likiihamisha, ombi la mwingine lililo katikati ya kazi linahamishwa nalo.

Faili zinazosafiri na msimbo, kama violezo vya kurasa, zitafutwe kuanzia mahali msimbo ulipo. Python ina __file__, PHP ina __DIR__ tangu toleo la 5.3, na mradi mpya wa Django huja na BASE_DIR tayari. Data ni jambo jingine: hifadhidata na picha zinazopakiwa na wateja zisikae ndani ya folda ya msimbo, kwa sababu folda hiyo huenda ikabadilishwa yote kila toleo jipya linapowekwa. Njia yake kamili, inayoanza na mkwaju, iandikwe kwenye mipangilio, na programu ikatae kuwaka isipoikuta.

Kabla ya kuikabidhi kazi kwa mteja, ingia /tmp, uiwashe programu kutoka huko, kisha ufungue kurasa zake zote.